Kinga, Nasaba na Jeni: Istilahi za Hitilafu ya Kurithi ya Kinga ya Mwili

Utangulizi

Istilahi hupimwa siku inapomfikia mtu asiyekuwa na kamusi. Kamati yaweza kukubaliana juu ya neno, mfasiri akalitia katika waraka, na mwalimu akaliandika ubaoni. Lakini neno hilo likitamkwa mbele ya mgonjwa na kumpeleka kwenye maana nyingine, basi kazi yetu haijakwisha. Katika makala haya tunakusudia kulitazama fungu dogo la istilahi za tiba ambazo sasa zinahitajiwa katika fomu za hospitali, katika vitabu vya biolojia na katika nyaraka za serikali. Nazo ni istilahi zihusuzo upimaji wa jeni za mtoto aliyezaliwa na kinga ya mwili isiyofanya kazi sawasawa.

Maradhi yenyewe ni nadra sana, na huenda msomaji akauliza kwa nini tuyashughulikie. Sababu ni kwamba maneno yanayomjia mfasiri kwa wepesi zaidi, yaani "upungufu wa kinga" na "kupima vinasaba", yamekwisha kupewa kazi nyingine katika lugha yetu, na kazi hizo ni nzito. Neno la kwanza humtia mzazi hofu isiyo na msingi. La pili laweza kuvunja nyumba.

Jambo lenyewe

Kabla ya kutafuta jina, yafaa tukijue kinachoitwa. Mwili wa binadamu una seli za aina nyingi za kujilinda. Baadhi yake humeza vijidudu, kama vile vya kifua kikuu. Lakini kumeza si kuua. Vijidudu vya jamaa ya kifua kikuu vyaweza kukaa hai ndani ya seli iliyovimeza, mpaka seli hiyo ipate amri ya kuviangamiza. Amri hiyo husafiri kwa njia ya kemikali. Seli iliyomeza kijidudu hutoa protini iitwayo interlukini 12. Seli nyingine za kinga huipokea, nazo hujibu kwa kutoa protini ya pili, interferoni gama. Hii huirudia seli ya kwanza na kuiamsha iue.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Interlukini na interferoni ndizo mbiu za mwili. Lakini mbiu haina faida pasipo masikio ya kuisikia, na masikio ya seli ni protini maalumu zilizopachikwa kwenye utando wake wa nje, kila moja ikiwa na umbo la kupokea mbiu yake tu. Maelekezo ya kuunda kila sikio yameandikwa katika jeni. Jeni ikiwa na kosa la maandishi, sikio huundwa vibaya au haliundwi kabisa. Hapo mbiu italia usiku na mchana, na seli isisikie.

Sayansi imeyafahamu mambo haya hatua kwa hatua. Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mtoto wa kiume ambaye damu yake haikuwa na protini za kingamwili. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba aina moja kali ya ugonjwa huu, inayowapata watoto wa kiume, hutokana na kosa katika jeni ya sehemu ya masikio yanayotumiwa kwa pamoja na interlukini kadhaa; jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mwaka 1996 yalitangazwa makosa ya jeni ya sikio la interferoni gama, ambayo imo katika kromosomu ya 6. Na mwaka 1998 makosa ya jeni ya sikio la interlukini 12.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Katika Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi ambamo kifua kikuu kimeenea, mtoto hupewa chanjo ya BCG mara baada ya kuzaliwa. Chanjo hiyo, iliyoanza kutumiwa mwaka 1921 huko Paris, ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa watoto takriban wote ni ngao njema, na hakuna mzazi anayepaswa kuikwepa kwa sababu ya yale tunayoyaeleza hapa. Lakini kwa yule mtoto mmoja ambaye seli zake haziisikii mbiu ya interferoni, vijidudu vya chanjo vyaweza kuenea mwilini na kumletea ugonjwa mkubwa. Familia ikijua kwamba mtoto wa kwanza alikuwa na hitilafu hiyo, mtoto wa pili akizaliwa, daktari huombwa kauli kabla ya chanjo kutolewa. Kujua huko kwategemea maelezo yaliyoeleweka, na maelezo hutegemea maneno.

Neno lililotangulia

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko hawakungoja kamati; waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati ule. Baadaye likaja jina rasmi, Upungufu wa Kinga Mwilini, nalo likafupishwa kuwa UKIMWI. Ni miongoni mwa istilahi zilizofaulu kuliko zote katika historia ya Kiswahili. Lilienea katika redio, shuleni, misikitini na makanisani. Likaingia katika ngeli, likapokea vivumishi na vitenzi, na leo wengi hulitumia bila kukumbuka kwamba ni ufupisho.

Tukilichunguza, tutaona kwamba limeacha kitu kimoja. Katika ufupisho wa Kiingereza, herufi ya kwanza husimamia neno lenye maana ya "uliopatikana baada ya kuzaliwa". Wafaransa nao walilihifadhi neno hilo katika ufupisho wao. Kiswahili hakikulitia. Katika miaka ile halikuhitajiwa, kwa kuwa mbele ya umma palikuwa na upungufu mmoja tu wa kinga uliopaswa kutajwa, na jina fupi liliokoa maisha. Matokeo yake ni kwamba jina la jamii nzima ya maradhi lilipewa ugonjwa mmoja. Wataalamu wa tiba walikuwa wamekwisha kuijua hitilafu ya kuzaliwa nayo miaka thelathini kabla ya UKIMWI. Lakini katika Kiswahili aliyechelewa kuja ndiye aliyerithi jina.

Basi tazama anavyokwama mganga leo. Mtoto ana uvimbe wa tezi, ana homa isiyokoma, na kidonda cha chanjo kimekataa kupona. Anapimwa virusi vya UKIMWI, navyo havipo. Mganga akitaka kusema kweli kwa maneno yaliyozoeleka, atasema: "Mtoto hana UKIMWI, ila ana upungufu wa kinga mwilini." Kwa masikio ya Mswahili sentensi hiyo inajipinga yenyewe. Ni sawa na kusema kwamba mtu hana malaria ila ana malaria. Mzazi hatakuwa na la kufikiri isipokuwa kwamba daktari anamficha jambo.

Nasaba na jeni

Neno la pili ni "vinasaba". Limeundwa kwa ufundi mzuri kutokana na "nasaba", yaani ukoo, na kiambishi cha udogo. Limepata makao katika sheria: Bunge la Tanzania lilitunga mwaka 2009 sheria ya kusimamia mambo ya vinasaba vya binadamu, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi huo. Magazeti hulitumia kila siku. Lakini hulitumia kwa habari za namna mbili hasa: mhalifu aliyetambuliwa, na mtoto ambaye baba yake anabishaniwa.

Hivyo, mtu anapoambiwa "tunataka kupima vinasaba vya mtoto, vyako na vya mume wako", husikia swali moja tu: mtoto huyu ni wa nani? Mzizi wa neno lenyewe unamwelekeza huko, kwani nasaba ni habari ya nani kazaliwa na nani. Swali la mganga, kwa upande wake, ni: mtoto huyu anaumwa nini, na dawa gani itamfaa?

Tena, neno hilo limebeba maana mbili za kisayansi kwa pamoja. Mara hutumiwa kwa DNA, yaani uzi mrefu wa kemikali uliomo katika seli; mara kwa jeni, yaani kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kuunda kitu fulani. Mwanafunzi anayesoma kwamba "vinasaba vimo ndani ya vinasaba" ana haki ya kulalamika.

Mfano wa Nakwa

Ili tusibaki katika nadharia, na tulipeleke suala hili mahali. Nakwa iko katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Tumeichagua kwa sababu za lugha. Katika Babati na vijiji vyake hukutana Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi; Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti; na Warangi, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Jamaa tatu za lugha, zisizofanana kwa misamiati wala kwa sarufi, hupakana mashamba ya mahindi na mbaazi. Kinachowaunganisha sokoni, ofisini na kliniki ni Kiswahili.

Tuseme basi kwamba mama mmoja wa Nakwa, ambaye nyumbani husema Kigorowa, ameketi mbele ya mganga. Kiswahili chake ni kizuri, lakini alikipata shuleni, sokoni na redioni. Maneno ya tiba aliyo nayo ni yale yaliyotangazwa kwa umma. Hana Kiingereza cha kumsaidia kubahatisha maana ya pili, na katika lugha ya kwao hakuna neno la jeni wala la kipokezi. Akisikia "upungufu wa kinga", atakwenda palepale redio ilipompeleka. Akisikia "vinasaba", atamwazia mumewe. Na mganga, ambaye pengine ametoka Pwani au Kanda ya Ziwa, hawezi kumfafanulia kwa lugha ya nyumbani. Hapo istilahi ya Kiswahili haina msaidizi. Itasimama au itaanguka peke yake. Tunadhani kila istilahi ya tiba ingefaa ipelekwe Nakwa, walau kwa fikra, kabla ya kuidhinishwa.

Mapendekezo

Kwanza, kwa jina la jamii ya maradhi haya tunapendekeza "hitilafu ya kurithi ya kinga". Tumelipima pamoja na "kasoro", "dosari" na "kilema". Hayo matatu humwelekea mtu: husemwa kwamba fulani ana kasoro, naye akajisikia amepungua utu. "Hitilafu" kwa kawaida husemwa juu ya mtambo au umeme. Huonyesha kwamba sehemu fulani haifanyi kazi, na kwamba fundi anaweza kuitafuta. Neno hili halina undugu wa sauti na UKIMWI. Aidha, wataalamu wa kimataifa wa fani hii wenyewe wamekuwa wakiacha neno lenye maana ya upungufu na kushika lenye maana ya makosa ya kuzaliwa nayo. Pale ambapo mfasiri hana budi kutumia "upungufu wa kinga", aongeze bila kuchoka "wa kurithi, usiotokana na virusi".

Pili, tunapendekeza "jeni" libaki kwa kipande chenye maelekezo, "DNA" kwa uzi wenyewe, na "vinasaba" liachiwe sheria na uchunguzi wa ukoo, ambako limekwisha kuzoeleka. Kipimo cha hospitali kiitwe "kipimo cha jeni", na kazi ya maabara iitwe "kusoma jeni", kwa kuwa ndivyo ilivyo: herufi za kemikali husomwa moja baada ya moja na kulinganishwa na mpangilio wa kawaida.

Tatu, sikio la seli liitwe "kipokezi". Wapo wanaopenda "kipokeo", lakini neno hilo lina makao katika ushairi, ambako ni mstari unaorudiwa na waitikiaji. "Kipokezi" linatokana na kitenzi kilekile, halina mwenyewe katika fani hiyo, na huzaa wingi kwa urahisi. Hivyo tutasema "kipokezi cha interferoni gama" na "jeni ya kipokezi".

Nne, kosa la maandishi katika jeni. "Mageuzi" yamechukuliwa na siasa na "mageuko" na habari za asili ya viumbe. "Mabadiliko" ni pana mno. Tunapendekeza "badiliko la jeni", kwa umoja, likiambatana na sifa yake: "badiliko haribifu", "badiliko lisilo na madhara", na "badiliko lisilobainika maana". Hii ya tatu isidharauliwe. Mara nyingi maabara huona herufi iliyobadilika bila kuweza kuthibitisha kama ndiyo chanzo cha ugonjwa, na mfasiri akiandika "badiliko" tu, mzazi atadhani hukumu imekwisha kutolewa.

Tano, mzazi asiyeumwa ambaye mojawapo ya jeni zake ina badiliko haribifu. Wengi humwita "mbebaji". Lakini miaka mingi ya elimu ya magonjwa ya kuambukiza imelifanya neno hilo limaanishe mtu anayeweza kuwaambukiza wengine. Tunapendekeza "mwenye nakala moja". Kila mtu hupata nakala mbili za jeni zilizo nyingi, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa aina kali kabisa ya hitilafu ya kipokezi cha interferoni gama, mtoto huumwa akipata nakala mbovu kutoka pande zote mbili; wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hitilafu iliyomo katika kromosomu X, mtoto wa kiume huumwa kwa nakala moja, kwa sababu hana ya pili ya kuisaidia. Naye ameipata kwa mama, isipokuwa badiliko liwe limezuka upya kwake. Hapa lugha ya hesabu ni ya huruma kuliko lugha ya kubeba, kwani humzuia mtu kumnyoshea mama kidole.

Faida ya usahihi

Yupo atakayesema kwamba mganga na atibu, majina tuwaachie wasomi. Tunamjibu kwa mfano wa tiba yenyewe. Interferoni gama hutengenezwa pia kama dawa. Mtoto ambaye hitilafu yake iko katika kipokezi cha interlukini 12 aweza kufaidika nayo, kwa sababu mbiu ya pili haikutolewa, na dawa huileta kutoka nje. Mtoto asiyekuwa kabisa na kipokezi cha interferoni gama hafaidiki nayo, kwa maana kiziwi hasaidiwi kwa kupigiwa mbiu ya pili. Huyo tegemeo lake ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, tiba iliyoanza kufanikiwa kwa watoto wa namna hii mwaka 1968. Watoto wawili wanaofanana kwa dalili hutengana kwa jina la kipokezi. Waraka wa rufaa ukichanganya majina, mtoto anapelekwa njia siyo.

Na Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza. Ugonjwa wa kurithi wa damu unaowapata wengi katika nchi yetu umepata jina "selimundu": seli, neno tulilokopa, na mundu, chombo ambacho mkulima anakijua kwa mkono wake. Jina hilo huchora umbo la seli iliyopinda, halimlaumu mzazi, wala halifanani na jina la ugonjwa mwingine. Ugonjwa huo nao hutokana na badiliko la herufi moja ya jeni, na mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi, A. C. Allison alionyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi wake katika Afrika Mashariki, kwamba huyo hupata hata kinga fulani dhidi ya malaria. Mwalimu wa sekondari akianza na selimundu, ambayo wanafunzi wanaijua, atafika kwenye hitilafu za kinga bila kupotea njia.

Kielelezo cha tafsiri

Tulinganishe sasa maandishi mawili ya fomu ya idhini tuliyoyatunga kwa ajili ya zoezi hili. La kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno: "Mtoto wako ana upungufu wa kinga mwilini wa kurithi. Tunaomba idhini ya kupima vinasaba vyake na vya wazazi ili kugundua mabadiliko. Huenda mama ni mbebaji."

La pili ni lile tunalolipendekeza: "Mama na baba, mtoto wenu amezaliwa na hitilafu katika kinga ya mwili. Ugonjwa huu si UKIMWI, hautokani na virusi, na hauambukizi. Tunaomba ruhusa ya kuchukua damu kidogo ili zisomwe jeni zinazoongoza kinga yake, tupate kujua dawa itakayomfaa. Tungependa pia kusoma jeni hizo kwenu, ili ijulikane kama mtoto mwingine aweza kuzaliwa na hitilafu hiyo. Nia ya kipimo hiki si kutafuta mzazi wa mtoto. Hata hivyo, damu ya wote watatu ikisomwa, uhusiano wa damu waweza kuonekana. Mnayo haki ya kuuliza na kujibiwa kabla ya kukubali."

Maandishi ya pili ni marefu, na mtumishi mwenye haraka ataona ni mengi. Lakini urefu huo si mapambo. Sentensi moja inaondoa hofu ya UKIMWI. Nyingine inasema ukweli kuhusu nasaba bila kuuficha, kwa kuwa istilahi njema haikusudiwi kuwa kifuniko. Kila neno lililoongezwa linalipa deni ambalo neno fupi lilikuwa limeliacha.

Hitimisho

Hatupendekezi jina la UKIMWI liguswe; limefanya kazi yake na linaendelea kuifanya. Tunachopendekeza ni kwamba jamii ya maradhi iliyobaki bila jina ipewe lake, na kwamba neno la ukoo litenganishwe na neno la tiba. Tunawaomba walimu wa biolojia wayajaribu maneno haya madarasani, wafasiri wayatie katika nyaraka, na watumishi wa afya watueleze yalivyopokewa na wananchi wa lugha mbalimbali. Neno litakalokataliwa huko lirudishwe kwetu, litafutiwe jingine.